Je, wajua familia ya walowezi ilivukaje majira ya baridi bondeni bila duka wala soko?

Mwishoni mwa mwaka 1818, John Oliver na mkewe Lurena waliingia Cades Cove, bonde lililozungukwa na milima ya Great Smoky, mashariki ya jimbo la Tennessee nchini Marekani. Wanahesabiwa kuwa Wazungu wa kwanza kuweka makazi ya kudumu humo. Walikuwa wamechelewa. Msimu wa kupanda ulikwishapita, ghala hawakuwa nalo, na theluji ilikuwa inakaribia. Masimulizi ya ukoo wao yanasema kilichowavusha ni maboga makavu waliyopewa na Wacherokee, wenyeji wa eneo hilo. Baridi ilipopungua mwaka 1819, Joshua Jobe, ndiye aliyewashawishi wahamie huko, alikuja na kundi la ng'ombe akawaachia wawili wa maziwa.

Habari za walowezi wa Marekani husimuliwa sana kana kwamba kila familia ilijitosheleza kwa kila kitu. Si kweli kabisa. Familia iliyofika mikono mitupu ilihitaji mwaka mzima wa kilimo ndipo iweze kujilisha, na hata hapo vilibaki vitu ambavyo haikuweza kuvitengeneza. Hata ardhi yenyewe ilikuwa ya wengine. Oliver alipofika, bonde lilikuwa bado mali ya Wacherokee kisheria. Lilitolewa kwa serikali ya Marekani kwa mkataba wa Februari 1819, na mwaka 1838 Wacherokee wengi walihamishwa kwa nguvu kwenda magharibi katika safari inayojulikana kama Njia ya Machozi.

Sasa turudi kwenye swali. Baridi ya kugandisha huanza kwenye Oktoba na inaweza kurudi hata mwishoni mwa Aprili. Kwa karibu nusu mwaka hakuna kinachoota. Nyumba yenye watoto sita au wanane ilikula nini, na kwa nini chakula hicho hakikuoza?

Shamba la miti iliyokufa imesimama

Bonde lilichaguliwa kwa sababu ya udongo. Milima ya pembeni ni ya miamba migumu yenye udongo mwembamba, lakini sakafu ya Cades Cove, iliyo kama mita 550 juu ya usawa wa bahari, ina mawe ya chokaa ambayo mmomonyoko umeyafunua chini ya miamba mikongwe zaidi. Chokaa huacha udongo mzito, wenye rutuba. Upande wa chini wa bonde ulikuwa na kinamasi, na haukulimika vizuri mpaka Peter Cable, mkulima aliyehamia humo katika miaka ya 1820, alipochimba mifereji na kujenga matuta ya kuyaongoza maji.

Kukata msitu wote kwa shoka kungekula miaka, kwa hiyo miti iliuawa ikiwa imesimama. Gome lilikatwa pete kuzunguka shina zima, upana wa kiganja au zaidi, mpaka mti mweupe uonekane. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia ndani ya gome. Pete hiyo ikikatika, mizizi hufa njaa. Ukibakiza ukanda mwembamba tu wa gome, mti unapona na kazi yako imepotea. Majani yakishapukutika, jua linafika chini, na mahindi yanapandwa katikati ya mashina makavu. Ubaya wake ni kwamba matawi makavu huanguka bila taarifa siku za upepo, na yaliwahi kuua watu na mifugo. Baada ya miaka kadhaa mashina yenyewe yalilala, na hapo majirani waliitana kuyavingirisha pamoja na kuyachoma.

Kwa nini mahindi, si ngano waliyoizoea wazee wao wa Ulaya? Ngano inataka plau na ardhi isiyo na visiki, na ikiiva ni lazima ivunwe ndani ya siku chache, ipurwe na kupepetwa. Mahindi yanataka jembe la mkono. Yakikauka yanaweza kusubiri shambani kwa wiki kadhaa, kwa kuwa hindi likiinama chini maganda yake humwaga maji ya mvua. Mlowezi mwenye shoka, jembe na mikono miwili hakuwa na zao jingine la kumfaa hivyo.

Upandaji ulifuata desturi ya wenyeji: mashimo yaliyoachana kama mita 1.2 kila upande, punje 4 au 5 kila shimo, maharage ya kutambaa kwenye bua, na maboga kati ya mistari ili majani yake mapana yafunike magugu. Wakati wa kupanda haukutoka kwenye kalenda. Waliangalia mwaloni: majani yake machanga yakifikia ukubwa wa sikio la kindi, udongo umeshapata joto. Ukipanda kabla ya hapo mbegu inakaa kwenye ubaridi na kuoza. Palizi ilikuwa mara mbili au tatu, mpaka kwenye Julai. Mwishoni mwa kiangazi majani ya mahindi yalichumwa na kufungwa matita kuwa malisho ya baridi. Aliyeyachuma mapema mno alipata punje nyepesi.

Ua ulizungushiwa shamba, wala si mifugo. Ng'ombe na nguruwe walitembea huru, na ilikuwa kazi ya mkulima kuwazuia wasiingie. Ua huo ulikuwa wa fito nene zilizopasuliwa, zilizolazwa zigizagi, fito nane hadi kumi kwenda juu, bila msumari na bila kuchimba shimo la nguzo. Chesnati, mti wa msituni wenye njugu zinazoliwa, ndiyo iliyopendwa, kwa kuwa hupasuka ikanyooka na haiozi upesi.

Mahindi yaliwekwa ghalani yakiwa bado kwenye magunzi, mengi na maganda yake, ambayo huyakinga na wadudu. Ghala lilikuwa jembamba na kuta zake ziliachwa mianya ili upepo upite pande zote mbili. Likiwa pana, mahindi ya katikati hubaki na unyevu na kuota ukungu. Unga haukusagwa kwa wingi. Unga wa mahindi yasiyokobolewa una kiini chenye mafuta, na ukikaa wiki chache kwenye joto huchacha na kuwa mchungu. Kwa hiyo walipukuchua na kusaga kidogo kidogo, wiki hata wiki. Msagishaji hakulipwa fedha: alichukua sehemu yake ya nafaka, kwa kawaida moja ya nane. Kinu cha maji cha John Cable, kilichojengwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, bado kipo bondeni. Kabla ya vinu vya aina hiyo kulikuwa na vinu vidogo vya mto, na kabla yake kinu cha gogo na mchi.

Majivu hayatupwi

Hapa ndipo nyumba ya mlowezi inapotofautiana sana na ya leo. Majivu ya jikoni yalikuwa malighafi. Nje ya nyumba palisimama kihori cha mbao chenye umbo la herufi V, kimetandikwa nyasi kavu chini, kimejazwa majivu yaliyoshindiliwa. Maji yalimiminwa juu taratibu, na chini yakadondoka maji ya rangi ya chai, yenye kuteleza na kuwasha vidole. Hayo ndiyo magadi yao.

Si majivu yote yanafaa. Hikori na mwaloni, miti ya mbao ngumu, hutoa magadi makali; msonobari hutoa dhaifu. Maji ya mvua yalipendelewa, kwa kuwa maji yaliyopita kwenye mawe ya chokaa hufanya sabuni igande kuwa utando badala ya kutoa povu. Ukimimina kwa pupa, maji yanajichimbia njia moja na kupita bila kuchukua kitu. Ukali ulipimwa kwa yai bichi: likielea na kuchomoza sehemu ya ukubwa wa sarafu ndogo, magadi yako tayari. Likizama, yapitishe tena kwenye majivu mapya au yachemshe yapungue.

Magadi pamoja na mabaki ya mafuta ya mnyama, yakichemshwa nje katika chungu kikubwa cha chuma, yalitoa sabuni laini ya kahawia inayochotwa kwa kata. Majivu hutoa sabuni laini kwa sababu chumvi zake ni za potasiamu. Ingeweza kugandishwa kwa kutiwa chumvi ya kula, lakini chumvi ilinunuliwa, na hakuna mama wa nyumba aliyeona sababu ya kuipoteza ili sabuni tu iwe mche. Magadi yakizidi, sabuni inachubua mikono. Mafuta yakizidi, inakuwa na utelezi na harufu ya uvundo.

Kazi ya pili ya magadi ilikuwa chakula. Kwetu mahindi ya makande hukobolewa kwa kinu na mchi. Wao, kama walivyofanya wenyeji wa Amerika kwa karne nyingi, waliyakoboa kwa majivu. Mahindi makavu yalichemshwa katika maji ya majivu kwa saa moja hadi tatu, mpaka punje ikisuguliwa kati ya vidole ganda linachubuka lenyewe na ncha yake nyeusi inachomoka. Kisha yalisuuzwa, na kusuuzwa tena, mpaka maji yasiteleze mkononi; utelezi ni dalili kwamba magadi bado yamo. Baada ya hapo yalichemshwa upya kwenye maji safi mpaka yaive na kuvimba.

Kukoboa huku kuna faida ambayo wapishi wenyewe hawakuijua kwa jina. Mahindi yana niasini, moja ya vitamini za kundi B, lakini imefungwa kiasi kwamba tumbo haliipati vizuri. Magadi huifungua. Mwanzoni mwa karne ya 20, pelagra, ugonjwa wa upungufu wa niasini, uliwaua watu wengi kusini mwa Marekani, hasa maskini walioishi kwa unga wa dukani na vyakula vichache vingine. Kuanzia 1914 daktari Joseph Goldberger alionyesha kwamba chanzo kilikuwa mlo, si vijidudu. Familia ya bondeni yenye maziwa, maharage na nyama, na mahindi ya majivu mara kwa mara, ilikuwa na kinga bila kujua.

Nyama, chumvi na hali ya hewa

Nguruwe walijilisha msituni kwa matunda ya mwaloni na chesnati, kila mmoja na alama ya mwenyewe iliyochanjwa sikioni. Walirudishwa nyumbani kwa wiki kadhaa za mwisho na kulishwa mahindi, kwa sababu mafuta ya nguruwe wa msituni huwa laini na majimaji, hayafai kuhifadhiwa.

Siku ya kuchinja ilichaguliwa na baridi, kwenye Novemba au Desemba. Hii ndiyo hatua iliyoharibu nyama ya watu wengi. Joto likizidi, nyama inaanza kuoza karibu na mfupa kabla chumvi haijafika huko. Ikiganda barafu, chumvi haipenyi kabisa. Inayotakiwa ni baridi ya kudumu, juu kidogo ya nyuzi sifuri, usiku na mchana kwa wiki kadhaa.

Maji ya kunyonyolea manyoya yalitakiwa yawe kama nyuzi 65. Hakukuwa na kipimajoto: mtu alichovya kidole haraka mara tatu mfululizo, na kama hakuweza kuvumilia mara ya nne, maji yamefaa. Yakichemka kupita hapo, ngozi inakaza na manyoya hayatoki tena, mpaka yanyolewe kwa kisu.

Chumvi ilikuwa kama kilo 8 kwa kila kilo 100 za nyama, ikisuguliwa kwa mkono na kusukumizwa hasa pale mfupa unapotokeza, kwa kuwa ndipo uozo unapoanzia. Paja lilikaa kwenye chumvi siku 3 au 4 kwa kila kilo yake. Paja la kilo 8 ni kama mwezi mzima. Kisha lilioshwa, likaning'inizwa kwenye kibanda kisicho na dirisha, likafukizwa moshi mwembamba wa hikori mbichi. Moto haukutakiwa kuwaka, ufuke tu, kwa sababu kazi ya moshi ni kukausha uso wa nyama na kufukuza nzi. Msonobari haukutumika; utomvu wake huacha uchungu. Nzi wakirudi baridi inapokwisha, nyama ilifungwa kwenye mifuko ya kitambaa au kupakwa majivu.

Maziwa, na ugonjwa wake

Chemchemi hutoka ardhini ikiwa na nyuzi 12 au 13 hivi, kiangazi na baridi. Kibanda kidogo kilijengwa juu yake, maji yakapitishwa kwenye hori, na mitungi ya maziwa na siagi ikasimamishwa humo. Maziwa yaliyokaa hivyo yalidumu siku moja au mbili zaidi, ambayo ilitosha kupata mtindi na siagi ya kusukwa.

Ng'ombe wengi hawakukaa bondeni kiangazi. Kwenye Mei walipandishwa kwenye mbuga za vileleni kama Gregory Bald, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wakachungwa na watu waliolipwa, wakashushwa baridi ilipokaribia. Huko juu nyasi zilikuwa nyingi na nzi wachache, na majani ya bondeni yakabaki kukatwa kuwa malisho makavu.

Hatari ilikuwa kwenye mabonde madogo yenye kivuli, mahali panapoota mmea wenye maua meupe na sumu ya tremetoli. Ng'ombe akiula, hasa wakati wa ukame nyasi zinapokwisha, hutetemeka, na sumu huingia kwenye maziwa. Anayeyanywa hudhoofika, hutapika na anaweza kufa ndani ya siku chache. Nancy Hanks, mama yake Abraham Lincoln, anaaminika kufa kwa ugonjwa huo huko Indiana mwaka uleule wa 1818. Sababu haikufahamika kisayansi mpaka karne ya 20, lakini watu wa milimani walishajua sehemu gani zinaua, wakaziwekea ua ili ng'ombe wasiingie.

Mboga zilihifadhiwa kwa njia mbili. Zinazokauka vizuri zilikaushwa: maharage mabichi yalitungwa kwenye uzi pamoja na maganda yake na kuning'inizwa karibu na moto, maboga yalikatwa pete na kupitishwa kwenye ufito, matufaha yakaanikwa juu ya paa. Zisizokaushika kwa urahisi, yaani viazi, tanipu na kabichi, zilizikwa. Shimo lilichimbwa mahali palipoinuka, likatandikwa nyasi kavu, mboga zikarundikwa, zikafunikwa nyasi tena na udongo wa kutosha kuzuia barafu. Juu iliachwa tundu dogo lililozibwa nyasi, kwa kuwa viazi vinapumua, na unyevu ukikosa pa kutokea lundo lote linaoza. Kiazi kimoja chenye jeraha la jembe kilitosha kuanzisha balaa hilo, ndiyo maana vilichambuliwa kimoja kimoja kabla ya kuzikwa.

Nyumba yenyewe haina mengi ya kueleza: chumba cha kama mita 5 kwa 6, magogo yaliyochongwa bapa, matope kwenye nyufa, dohani ya mawe. Jambo la kuangalia ni pembe. Ncha ya kila gogo ilikatwa kwa mteremko unaoelekea nje, ili uzito wa gogo la juu ulikaze la chini na maji ya mvua yatiririke nje badala ya kutuama kwenye kiungo. Mkato ukielekea ndani, pembe inanyonya maji, na nyumba huanza kuoza kutokea hapo. Nguo zilitoka kwa kondoo na kitani, kazi ya wanawake iliyojaza jioni zote za baridi na ambayo wasimuliaji wengi huipita haraka kuliko inavyostahili.

Vitu vilivyotoka nje ya bonde

Kilichowashinda ni chuma na chumvi. Chuma kilipatikana kwa muda ndani ya bonde, kwa sababu Daniel Foute alikuwa na tanuru dogo la kufua chuma tangu 1827 hadi 1847, lakini shoka zuri, bunduki na sindano vilinunuliwa. Chumvi yote ilitoka nje, na bila chumvi hakuna nyama ya baridi. Ili kuipata, familia ilisafiri siku kadhaa kwenda Maryville au Knoxville kuuza ng'ombe, nguruwe, ngozi, asali na chesnati.

Utegemezi huo ulionekana wazi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, chumvi ilipoadimika kusini kote. Watu walichimba sakafu ya udongo ya vibanda vyao vya kufukizia nyama, ambako maji ya chumvi yalikuwa yamedondoka kwa miaka mingi. Udongo huo ulitiwa kwenye kihori kama kile cha majivu, ukamiminiwa maji, na yale yaliyodondoka yakachemshwa mpaka yakakauka. Chungu kilibaki na chumvi ya kahawia, chafu, yenye harufu ya moshi, na hiyo ndiyo waliyosugulia nyama ya mwaka huo.